Mwanangu, usinunue giaboksi kwanza

Mwanangu mpendwa,

Nimeisikiliza mara tatu ile sauti uliyonirekodia, simu nimeibana sikioni. Unasema ukikanyaga klachi gari linalia kama cherehani iliyokaukiwa mafuta, ukiachia linanyamaza, na fundi kakwambia giaboksi imekufa, ukanunue nyingine. Unaniuliza kama ni kweli. Kwa hayo uliyonieleza, mimi sikubali. Usitoe hata shilingi ya giaboksi.

Jioni mtaa ukitulia, zima redio na feni, shusha vioo, vuta hendibreki, weka nyutro, washa injini uiache ingurume yenyewe. Kanyaga klachi polepole mno, usikie sauti inaanzia wapi. Mguu ukiwa juu, hujakanyaga, injini inazungusha klachi pamoja na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ukikanyaga mpaka chini, shafti ile inaachwa na kusimama. Anayebebeshwa mzigo hapo ni rilizi beringi, kile kiduara cha chuma kinachosukuma vidole vya presha pleti, sahani inayoibana klachi pleti ili ishike injini. Kwa hiyo sauti inayoanza mguu ukishuka mara nyingi ni ya beringi hiyo. Ingekuwa kinyume, gari linalia mguu ukiwa juu na kunyamaza ukikanyaga, ningekwambia beringi ya shafti ndani ya giaboksi imechoka.

Jambo hili lilinigharimu ng'ombe. Ulikuwa unaanza darasa la kwanza, nami naendesha pikapu ya vitunguu kutoka Mang'ola. Ikaanza kulia hivyohivyo. Nikauza ng'ombe, nikanunua giaboksi kuukuu, tukaifunga usiku kwa taa ya chemli. Asubuhi nikawasha, nikakanyaga klachi: sauti ileile. Tulikuwa tumeirudisha beringi ya zamani. Tuliposhusha tena niliishika mkononi nikaizungusha kwa kidole. Ilikwaruza kama ina mchanga ndani, grisi imeungua nyeusi tii. Mama yako hakusema neno siku ile, na mpaka leo naona uchungu.

Kuifikia beringi ni lazima giaboksi ishushwe, na ufundi wa kushusha ndio unaokula hela. Ndiyo maana nakusihi, ikishashushwa badilisha klachi pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Mwambie fundi akuoneshe flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi pleti inashikia, uione kwa macho yako: ikiwa na nyufa au mabaka ya bluu ya kuungua, isirudi ilivyo. Atazame pia sili ya nyuma ya injini. Ikivuja oili, pleti mpya italoa na kuteleza.

Mafuta ya gia yamwagwe kwenye chombo safi. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia mafuta usikutishe. Vipande vya ukubwa wa ukucha ndivyo vibaya. Ukiviona nipigie papo hapo. Na wasikujazie mafuta yoyote tu. Fuata kitabu cha gari, maana mafuta ya gia yana madaraja, kuna GL-4 na GL-5, na baadhi ya GL-5 hula zile pete za shaba zinazolainisha gia kuingia.

Kuhusu rivasi kukwaruza asubuhi: kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, ndipo uingize. Magari mengi hayana pete hizo kwenye rivasi. Ikiingia kimya, ni haraka tu. Ikiendelea kukwaruza, klachi haiachii sawasawa. Fundi aangalie waya wake, au mafuta yake kama ni ya kusukumwa na mafuta.

Halafu, mwanangu, ile foleni ya Ubungo unakaa mguu juu ya klachi. Nilikuona tulipokwenda pamoja. Beringi inazunguka chini ya mzigo muda wote huo. Weka nyutro, mguu utoke kwenye klachi ukae sakafuni.

Wakimaliza, dai beringi ya zamani. Izungushe karibu na simu, unirekodie.

Baba yako