Hiyo birimbi itoe kwenye blenda kwanza

Itoe. Itoe sasa hivi, halafu ndio uendelee kusoma.

Umeandika kwamba wiki ijayo unaanza smuthi ya kijani kila asubuhi, wewe na mamako mwenye sukari. Mafungu mawili ya spinachi mbichi, kiganja cha lozi, ndizi, birimbi tano za mti wa jirani badala ya ndimu, na kidonge kimoja cha vitamini C, kile cha kutoa povu, cha miligramu 1,000. Maziwa hutaki, umeambiwa yanajaza gesi. Kisha ukauliza blenda gani nzuri chini ya elfu tano, ikae friji siku ngapi, na embe gani litafaa.

Dadangu, hiyo si smuthi, hiyo ni simenti ya figo. Naijua kwa sababu mie niliinywa miezi mitatu, kitu kimoja kwa kimoja, mpaka birimbi za jirani. (Huku Likoni sijawahi kukutana na mtu mwenye mbirimbi wake. Yote ni ya jirani.)

Nilianza Januari 2024 kwa ajili ya tumbo hili la mahamri na mbaazi. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi la mazoezi alijiita kocha wa lishe. Sitamtaja. Alinitoza 1,500 kwa kijitabu cha kwenye simu, kurasa kumi na nne, sita kati yake picha za kifua chake. Humo ndani: majani mabichi kwa wingi kadiri uwezavyo, maana ukipika unaua vitamini. Maziwa marufuku. Maji punguza, yanachuja dawa. Mkojo ukibadilika rangi usiogope, ni sumu zinatoka.

Ramadhani ikaingia mwezi wa tatu. Mie ni fundi wa kuchomelea, karakana yetu iko Shimanzi, mabati juu, moto mbele. Nikaihamishia ile jagi daku. Glasi mbili nzito za kijani, maji kijiko kwa amri ya kocha, halafu saa kumi na tatu na ushei bila tone, jasho lachuruzika kama bomba bovu. Kufika kumi la pili mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Nikamwandikia. Akanijibu kwa kidole gumba na neno moja: "Detoksi."

Chungu cha kumi na tisa, yaani siku ya kumi na tisa ya mfungo, saa kumi na moja jioni, niko juu ya feri narudi nyumbani. Mnajua feri ya saa hiyo ilivyo, huna hata pa kujikuna. Maumivu yakanishika ubavu wa kushoto, yakashuka mpaka kinenani, nikahisi kama kuna mtu anageuza bisibisi ndani. Ukisimama yapo, ukichutama yapo, ukilala yapo. Nikalala. Juu ya sitaha ya feri, na ovaroli yangu, katikati ya miguu ya watu na mikokoteni. Mzee mmoja akanitolea tende, akidhani swaumu imenishinda. Mama mmoja akasema ni jini wa baharini, na kijana asiyenijua akaanza kunisomea Ayatul Kursiy sikioni, Mungu amlipe, ingawa alikuwa ananikanyaga kidole. Tulipogusa ng'ambo nilitapika kijani. Hapo hata waliokuwa hawaamini jini wakaamini.

Nacheka sasa. Usiku ule sikucheka.

Sindano ya maumivu, altrasaundi, kisha skani. Kijiwe cha milimita 7 kimekwama kwenye mrija wa kutoka figo kwenda kibofu. Vya chini ya milimita 5 vingi hutoka vyenyewe na mkojo. Changu kilikataa. Wakapitisha kifaa kwa njia ya mkojo (ndugu zangu wanaume, endeleeni kusoma, msikimbie), wakakivunja, wakaniachia mrija ndani wiki mbili. Jumla na dawa, 164,000. Fedha ile ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mamangu. Mpaka leo mvua ikinyesha mamangu huweka sufuria chini ya tundu na kuuliza, "Na ile juisi yako, mwanangu, waendelea?"

Daktari alinipa karatasi akasema niandike nilichokuwa nakunywa. Akaweka alama ya kosa kwenye spinachi. Kwenye lozi. Kwenye birimbi. Kwenye vitamini C. Kilichobaki kisafi ni ndizi.

Kitu chenyewe kinaitwa oksaleti. Ni asidi iliyomo kwenye majani na matunda fulani, na vijiwe vingi vya figo ni oksaleti iliyoshikana na kalsiamu. Spinachi ni bingwa wake: gramu 100 mbichi zaweza kubeba miligramu 600 hadi 900 na zaidi, na mtu mwenye vijiwe huambiwa asivuke 100 kwa siku nzima. Hii ya soko la Kongowea yenye majani mapana na mashina meupe tunaiita spinachi kwa heshima tu, ni ndugu wa biturudi, na yeye pia amejaa. Mchicha vivyo hivyo. Kwenye sahani huwezi kumaliza fungu zima bichi, utachoka kutafuna. Blenda haichoki. Ndiyo hatari yake: inakunywesha shamba ukidhani ni glasi.

Sasa sikia lililonichoma zaidi. Oksaleti ikikutana na kalsiamu utumboni, hushikana huko huko na kutoka na choo. Ikikosa mwenzake hupenya kwenye damu, ikafika kwenye figo, na ndoa ikafungiwa huko. Yaani maziwa yale yale aliyonikataza ndiyo yangenikinga! Na maji yale aliyoyapunguza ndiyo yangesukuma uchafu. Vitamini C ikizidi, mwili huigeuza sehemu yake kuwa oksaleti. Mtu hawezi kukosea mambo yote kwa bahati mbaya, lazima awe amesomea. Nilimtumia picha ya kijiwe changu. Akanifungia namba.

Na birimbi ndiyo mama yao kwa oksaleti. Ndimu na limau zina sitrati, inayozuia vijiwe kuganda, kwa hiyo kuondoa ndimu ukatia birimbi ni kumtoa mlinzi ukamwajiri mwizi. Kule Kerala, kusini mwa India, madaktari waliandika mwaka 2013 habari za wagonjwa 10 waliokunywa juisi nzito ya birimbi ili washushe kolesteroli. Figo ziligoma, na 7 kati yao wakasafishwa damu kwa mashine. Birimbi moja mbili kwenye achari ama mchuzi wa samaki, kula, hata mie nala. Juisi yake, hapana. Kwa mamako hapana mara mia: sukari yenyewe hushambulia figo, basi usimpe kinywaji chochote cha kijani kabla hajapimwa damu ya figo zikajulikana zina hali gani.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: blenda ni ya sukuma wiki; spinachi na mchicha ni vya sufuria. Sukuma ina oksaleti kidogo sana, na bei yake unaijua. Majani mawili, toa ule uti wa kati, papai kipande, tangawizi, ndimu nusu, na maziwa mala kikombe kimoja. Glasi moja, si jagi. Tia vya majimaji kwanza, majani baadaye, la sivyo yanazunguka juu tu. Maji unywe mpaka mkojo uwe mweupe. Mie niliambiwa nikojoe lita mbili na nusu kwa siku, na kwa joto la Mombasa hiyo ni kazi ya kutwa.

Najua atakuja mtu hapa kusema bibi yake alikula mchicha miaka tisini. Kweli. Lakini bibi alichemsha, akamwaga maji, ndipo akatia tui. Oksaleti nyingi huondoka na yale maji. Hakuna bibi wa pwani aliyemnywesha mtu mchicha mbichi. Na atakayesema ajaribu kisamvu kibichi tumfiche mapema, kile kina sumu ya sianidi.

Sisemi glasi moja itakuua. Wengine hunywa miaka na hawapati kitu. Mie ami yangu alishawahi kutoa vijiwe na sikuwa nalijua hilo mpaka nilipolazwa, ndipo ukoo mzima ukaanza kuungama. Kwa hiyo uliza kwenu kwanza. Uliza leo.

Spinachi uliyokwisha nunua, chemsha, mwaga maji, tia tui zito na pilipili, mle na wali usiku. Birimbi zirudishe kwa jirani.

Blenda nakuuzia yangu, 2,000. Jagi lina ufa kidogo pembeni, lilianguka siku mke wangu alipoiona bili.