Ubongo hausubiri sentensi iishe

Umeuliza kama tunasubiri sentensi iishe ndo tuielewe, hapana, ubongo unapanga muundo palepale neno kwa neno na unabashiri kinachofuata. Chukua "mtoto aliyemwona mwalimu", nani kamwona nani hapo? Sarufi inakubali zote mbili, mimi nikisoma haraka nachukua mtoto ndo kaona, mpaka maneno ya mbele yakatae ndo narudi kupanga upya. Ila "kitabu alichokisoma mwalimu" haina shida, ile -cho- imeshakuonyesha kinachosomwa ni kipi, na kitabu hakiwezi kusoma, kwahiyo maana na sarufi zinafanya kazi pamoja.

Na hii imepimwa jamani, watafiti wa lugha na usomaji Lyn Frazier na Keith Rayner mwaka 1982 walifuatilia macho ya wasomaji, wakifika sehemu ambayo sentensi inawageuka macho yanakawia na mara nyingine yanarudi nyuma. Kwenye vipimo vya umeme wa ubongo pia kuna wimbi linaitwa P600, linatokea kama milisekunde 600 hivi baada ya neno linalogoma kukaa kwenye muundo. Hicho kwangu ndo kitu kizuri kuliko vyote, marekebisho yanafanyika ndani ya sekunde na mara nyingi hata huyashtukii.