Jibu: Kichefuchefu wakati wa upasuaji wa kujifungua

Mkuu, umeuliza kwa nini mama anatapika dakika chache baada ya ganzi ya mgongoni ilhali ulishampa metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) miligramu 10. Angalia presha kwanza, maana ikishuka huleta kichefuchefu. Mama akisema "najisikia vibaya", mara nyingi presha imeshashuka hata kabla mashine haijaonyesha, hivyo pima kila dakika 1 mpaka mtoto atoke.

Usisubiri ishuke. Ampuli ya fenilefrini (dawa ya kupandisha presha) ya miligramu 10 ichanganye kwenye salaini mililita 100. Kila mililita itakuwa na mikrogramu 100. Anza mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika mara tu baada ya kuchoma ganzi, huku dripu ikikimbia na mama ameinamishwa kushoto. Lengo ni namba ya juu ya presha isipungue asilimia 90 ya ile ya mwanzo. Mapigo ya moyo yakishuka pamoja na presha, efedrini (hupandisha presha na mapigo) miligramu 5 hadi 10 inafaa zaidi. Chupa uliyochanganyia iandike jina la dawa. Fenilefrini isiyochanganywa ni hatari kubwa.

Akitapika baada ya mtoto kutoka, sababu huwa nyingine: mfuko wa uzazi umetolewa nje ya tumbo na kuvutwa, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) imesukumwa haraka, au amepewa ajometrini (nayo hukaza mfuko wa uzazi, na hutapisha sana). Fentanili (dawa kali ya maumivu) mikrogramu 10 hadi 15 ndani ya ganzi hupunguza maumivu ya kuvutwa. Ondansetroni (ya kuzuia kutapika) miligramu 4 mpe mapema. Deksamethasoni, nayo ya kuzuia kutapika, huchelewa kufanya kazi, itamsaidia wodini.