Ukienda Carriacou kwa tanga

Carriacou ni kisiwa kidogo cha Grenada, nchi ya visiwa vya Karibi, ambacho wengi hukipita mbio wakiwahi Tobago Cays, visiwa vidogo vilivyo kaskazini yake. Mimi nasema kaa hapo wiki nzima, ila ujue namna ya kufika.

Kama mashua unaikodi Martinique, angalia viza mapema. Viza ya kawaida ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, haikuingizi huko, ingawa ni Ufaransa. Mimi huanzia kisiwa kikuu cha Grenada.

Ng'oa nanga alfajiri. Pwani ya magharibi milima inakukinga, chai hata haimwagiki. Ukishaipita ncha ya kaskazini, upepo unakujia usoni na mkondo unakusukuma magharibi. Kuanzia hapo ni kupiga bisho tu, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Kwa hiyo usiiache pwani mapema, na tanga lipunguze ukiwa bado kwenye kinga. Njiani kuna Kick 'em Jenny, volkano iliyo chini ya maji, kama kilomita 8 kutoka Grenada. Hata ikiwa imetulia, usiisogelee ndani ya kilomita 1.5; ikichachamaa, 5. Gesi ikitoka kwa wingi maji huwa mepesi, na chombo hukosa cha kukibeba.

Tyrrel Bay, ghuba ya Carriacou, ndiko unakogonga pasi na kutia nanga. Penye majani ya bahari nanga huteleza bila kuuma, basi vaa miwani, zama, uione mwenyewe. Kisiwa jirani cha Sandy Island ni hifadhi: funga kwenye boya, lipa ada.

Kimbunga Beryl kilitua hapa tarehe 1 Julai 2024 na kubomoa sehemu kubwa ya nyumba. Maji, dizeli na unga jaza Grenada. Samaki, mboga na chakula cha jioni nunua kwa wenyeji, kwa fedha taslimu. Na salamu kwanza, bei baadaye. Hilo kwetu si geni.

Usiondoke bila kufika kijiji cha Windward, ambako mashua za mbao huundwa ufukweni kwa kukadiria kwa jicho. Mataruma, yaani mbavu za mashua, hukatwa kwenye miti iliyojipinda yenyewe, vilevile kama Lamu. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2023, kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mashindano yao ya mashua, yaliyoanza 1965, huangukia karibu na mwanzo wa Agosti, msimu wa vimbunga. Ukiyataka hayo, panda feri kutoka St. George's, mji mkuu wa Grenada.