Mcheza santuri asiye na santuri

SWALI: Mwalimu, magazeti huwaita madijei "wacheza santuri". Dijei wa mtaani kwetu hapa Umoja ana kompyuta tu. Je, santuri ni sahani au ni mashine? Na huchezwa au hupigwa?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloniwasha. Santuri hupigwa. Mswahili hupiga zeze, hupiga kinanda, hupiga hata simu na picha. Anayecheza ni yule aliyeinuka kitini. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Pumwani kuna mcheza santuri, atatafuta anayesakata dansi. Mimi huandika "mpiga santuri".

Tena asili ya neno inaniunga mkono. Santuri ya Waajemi na Waarabu ni ala ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti viwili. Jina likahamia kwenye gramafoni. Wapo wazee walioita hivyo mashine nzima. Leo santuri ni sahani, na mashine tuiache iitwe gramafoni.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri ilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu, ikazunguka mara 78 kwa dakika na kubeba dakika tatu hivi kila upande. Ikianguka, kwaheri. (Enzi hizo kuvunja rekodi kulikuwa hasara, si sifa.) Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikaleta santuri ndefu (LP) ya vinili, aina ya plastiki, ngumu kuvunjika, yenye dakika zaidi ya 20 kila upande. Miaka ya 1970 zilichapwa hapa hapa Nairobi na kuuzwa River Road. Kisha zikaja kanda: rahisi, za kubebeka, na jirani angeweza kukunakilia usiku mmoja. Santuri haikustahimili. Za zamani bado utazipata Soko la Kenyatta.

Je, dijei wa kompyuta astahili jina hilo? Naam. Mbona kila siku tunasoma "kanda ya video iliyosambaa mitandaoni", na hakuna kanda yoyote pale?

Ila tafadhali, usiandike "masanturi" kama nilivyoona kwenye tangazo moja. Ni santuri hii, santuri hizi. Masanturi yatahitaji lori.