Muulize Bibi Mwalimu: Watoto 78, maabara hakuna

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Nafundisha Sayansi na Hisabati darasa la tano huku Korogwe. Nina watoto 78 na maabara hakuna. Mwalimu mkuu anataka kila darasa liwe na kazi ya mikono ya kuwaonyesha wazazi mwisho wa muhula. Kwenye simu nimeona volkano ya siki na magadi, nikaipenda, ila nikiwaambia watoto walete manila na gundi, nusu yao hawatakuja shule. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Hilo la manila nalijua, maana nililikosea mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini, Muheza, niliagiza kila mtoto alete mchoro mkubwa wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Jumatatu zikaja kazi nzuri mno, herufi zimenyooka kama za vibao vya maduka. Kumbe kaka zao ndio waliochora, na moja ilichorwa na fundi vibao kweli, baba mtu kamlipa. Watoto kumi na mmoja hawakuonekana kabisa. Tangu siku ile vifaa vyangu vinatoka jalalani, na kazi inafanyika mbele ya macho yangu.

Volkano iache. Povu likishamwagika, somo limekwisha, na mtoto ameona siki tu. Ukitaka volkano wasimulie Ol Doinyo Lengai, hapohapo nchini kwetu: lava yake yenyewe ina magadi, hutoka nyeusi kama oili chafu, halafu ikipata unyevu inageuka nyeupe. Hiyo hawataisahau.

Wewe pima mvua. Masika yakianza uwe tayari. Gawa watoto makundi 13 ya watoto sita sita, kila kundi liokote chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile ambayo ubavu wake umenyooka. Ikateni mabega, na hapo kisu shika wewe. Tieni kokoto chini, kisha maji mpaka yapite kokoto na kile kitako chenye mabonde. Usawa wa maji hayo ndio sifuri yenu. Kuanzia hapo bandikeni kipande cha karatasi chenye milimita zilizonakiliwa kwenye rula, mkizungushie selotepu pande zote kisiloe. Ile shingo mliyoikata igeuzeni kichwa chini, muirudishe juu ya chupa, ipokee mvua na kuzuia jua lisinyonye maji. Chimbieni chupa kidogo ardhini isianguke, mbali na miti na kuta. Kipimo kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, ndipo chupa irudishwe kwenye sifuri.

Sasa sikiliza, utamu uko hapa. Mvua ya kwanza vipimo havitalingana. Kwangu kundi moja lilileta milimita 9, jingine 14, wakashikana mashati. Nilinyamaza. Tukatoka nje kukagua: chupa moja ilikuwa chini ya mwembe, nyingine imeinama. Siku nyingine kundi moja lilisoma 40 wakati usiku kucha haikudondoka hata tone. Mtoto mmoja alikuwa amejaza maji ya kisimani ili mwalimu afurahi! Sikumchapa. Tulikaa kipindi kizima tukijadili tutajuaje kipimo cha uongo, na wenyewe wakasema tulinganishe na chupa za jirani. Wastani niliufundisha siku ileile, na haukumshinda mtu.

Baadaye wapigishe hesabu ya maji yanayoangukia paa la darasa. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Wapime darasa kwa kamba, urefu na upana wa chini bila kuhesabu mwinuko wa bati. La kwetu lilikuwa mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Mvua ya milimita 12 ikatupa lita 756, karibu ndoo 38 za lita 20, hata kama kidogo hurukia pembeni. Binti mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa anazungumza, akauliza, "Sasa kwa nini sisi tunachota mtoni?" Swali hilo lilifika kwenye kikao cha wazazi kabla yangu, na mfereji wa bati ukapatikana.

Jua likiwaka, simikeni kijiti wima uwanjani mfuatilie kivuli chake cha adhuhuri. Huko Korogwe mwezi Juni kitaelekea kusini, Desemba kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba karibu kipotee. Kivuli kifupi kabisa nacho hakiji saa sita kamili, huchelewa. Waache wabishane.

Siku ya wazazi usipambe kitu. Tundika daftari la vipimo lilelile lenye kurasa zilizoloa, na grafu waliyoichora kwa mkaa ukutani, kama mwalimu mkuu ataruhusu. Ila hakikisha siku ambayo mvua haikunyesha wameandika 0. Wakiacha nafasi wazi, mzazi atajuaje kama kulikuwa kukavu au zamu ililala?