Kabla hujalipia kiwanja Dar, uliza mtaa ulianzaje

Katika ukoo wetu, mtu akipata hela ya kiwanja Dar es Salaam, simu ya kwanza ananipigia mimi. Sijasomea ardhi. Nimepanga Kariakoo, nikapanga Tandale, nikahamia Sinza, sasa nipo Chanika, na nimeshasindikiza ndugu wengi kwenye viwanja hadi kuna madalali wakiniona wananuna. Wote huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza: huo mtaa, waliotangulia kufika ni wapima ardhi au watu?

Kutoka Sinza hadi Tandale unatembea tu kwa miguu. Sinza, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi uliokopewa fedha Benki ya Dunia. Barabara zilichongwa, viwanja vikagawiwa, ndipo watu wakajenga kila mmoja kwa uwezo wake. Tandale watu ndio walitangulia. Mwenye shamba alimega kipande akauza, aliyenunua naye akamega, na njia ikawa ni ile nafasi iliyosalia kati ya ukuta na ukuta. Nilipokuwa nakaa huko, mpangaji mwenzetu alishikwa na uchungu usiku. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne tukambeba hadi mahali bajaji ilipoweza kugeuza. Choo kikijaa, gari la kunyonya majitaka halifiki, kwa hiyo watu husubiri mvua kubwa watapishe, yaani waufungulie uchafu uchukuliwe na maji. Na watu wa Tandale si wachafu, naomba nieleweke. Gari litapita wapi?

Nyumba mbovu utaibomoa ujenge nyingine. Njia ya mtaa huwezi kuipanua peke yako. Itazame Kariakoo. Wajerumani waliipima kwa mitaa iliyonyooka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza waliofuata wakaendeleza mji wa kubaguana: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuwatenga. Ubaguzi ule haukuwa na jema lolote. Ila mistari ya mitaa ilibaki, na ndiyo maana zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na uwani zimeweza kuwa maghorofa bila kuhamisha barabara. Ukipelekwa Kibada, Tuangoma au Mbweni, ulizia kama kiwanja kimo kwenye ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000 ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000. Utakilipia zaidi, na mimi nasema lipa.

Jambo la pili la kuuliza ni mwendo wa kwenda kazini na kurudi. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha mji huu miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima kwa sababu ya bandari yenye kina iliyojificha dhidi ya mawimbi. Wajerumani nao wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kuanzia hapo hapo bandarini. Mji ukatambaa kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kama vidole kutoka kwenye kiganja, na mapengo ya katikati yakaja kujazwa baadaye. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000. Ya 2022 ilikuta 5,383,728. Na bado asubuhi umati unaelekea kule kule katikati ya mji, Posta na Kariakoo.

Dalali atakupeleka Jumapili mchana. Atakwambia kutoka mjini ni dakika arobaini, na siku hiyo hatakuwa amesema uongo. Wewe omba kulala kwa mtu anayeishi jirani na hapo, Jumatatu uamke naye saa kumi na moja alfajiri, mgombanie daladala pamoja. Jioni urudi kwa njia hiyo hiyo. Mdogo wangu alifanya hivyo Mbagala, akarudi akasema anataka kitu kidogo zaidi lakini karibu zaidi.

Maji sasa. Usimuulize muuzaji kama panajaa maji, maana jibu unalijua. Tazama nyumba za jirani. Msingi ukiwa umenyanyuliwa kupita kawaida, au mlango wa mbele umejengewa kizingiti cha tofali kinachofika gotini, mwenye nyumba ameshakueleza yote. Angalia na rangi ya ukuta kwa chini, ile alama ya tope iliyokwenda sawasawa nyumba hadi nyumba. Ukiona matete, geuza gari. Bonde la Msimbazi lilishawafundisha watu Desemba 2011, mafuriko yalipoua na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata kituo cha mabasi ya mwendokasi pale Jangwani kimeshazama mara kadhaa. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto ziachwe, kwa hiyo nyumba ya bondeni inaweza kuponyoka mafuriko na isiponyoke bomoabomoa. Kuhusu hifadhi ya barabara sina haja ya kurefusha: muulize aliyebomolewa nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, mwaka 2017.

Karatasi nimeziweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu huanza nazo wakasahau kutazama ardhi yenyewe. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uhakikishe mwenye kiwanja ni nani, kabla ya kutoa hata senti. Kama ni shamba la urithi linalokatwa kwa miguu (hatua) 20 kwa 20, usitosheke na saini ya kaka mkubwa. Mji ukishafika shambani, dada aliyeolewa Kisarawe na mdogo aliyepotelea Tunduma wote hurejea kudai. Wakutane, wasaini mbele yako na mashahidi, na nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo ubaki nayo. Serikali ya mtaa ikikudai asilimia kumi ya bei ili igonge muhuri, omba kwa adabu uoneshwe kifungu cha sheria kinachosema hivyo, halafu ukae kwenye benchi usubiri.